Maji Yalifika Wapi

2 Februari

Leo nimemaliza kilima cha mashariki na hakuna aliyeniambia hata ahsante. Reli ya zamani imeshakaa kwa wino mweusi, ikizunguka ukingo wa bonde. Miinuko nimeipitisha kwa wino wa kahawia, mstari juu ya mstari, na mtu anayejua kusoma ramani anaweza kuona kwa macho mahali atakapohema akipanda. Umebaki mto. Mto ni wino wa buluu na huja mwisho, kwa sababu buluu ukiikosea huwezi kuikwangua kwa wembe bila karatasi kuota manyoya.

Mpimaji mkuu alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu. Hapa ofisini tunamwita Bwana Rula, kwa kuwa anatembea kama mtu aliyemeza moja. Akasema, "Mkono wako hautetemeki." Kwa mtu wa aina yake hilo ni shairi zima.

Ofisi yetu ni chumba cha nyuma cha stesheni. Dirisha moja, meza mbili, vumbi la makaa ya mawe juu ya kila kitu. Treni ya mizigo ikipita, meza inatikisika, kwa hiyo nimejifunza kuinua kalamu kabla sijaisikia.

5 Februari

Joto. Wino unakauka kwenye ncha ya kalamu kabla haujafika karatasini. Sina la kusema.

8 Februari

Nimewaharibia watu chakula cha jioni.

Naishi Mtaa wa Chini, kando ya mto, kwa mdogo wangu na mkewe. Mdogo wangu ni mgeuza njia: treni ikikaribia, yeye ndiye anayevuta wenzo ili ipite reli inayotakiwa. Wifi yangu ni fundi wa kushona, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Ananiita Bi Kalamu. Mimi namwita Mwenye Nyumba, kwa sababu nyumba ile ni yake kwelikweli: udongo aliukanyaga mwenyewe, matofali akayachoma mwenyewe, na mdogo wangu akaja kuwekwa ndani tayari kama kabati.

Nikawaambia nilichosikia ofisini. Kuna reli mpya itakayokata bonde kutoka stesheni hadi machimbo ya mawe ng'ambo ya pili, juu ya tuta la udongo. Kabla ya hapo Bwana Rula atakuja mtaani kuwauliza wenyeji maji yalifika wapi mwaka ule wa gharika. Atakapoonyeshwa, nami nitachora mstari wa buluu. Nyumba yoyote iliyo chini ya mstari huo itabomolewa, na mwenyewe atatafuta pa kwenda.

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Binti yao akauliza gharika ni nini.

"Na akija kuuliza," wifi akasema, "anamwuliza nani?"

"Wenyeji."

"Hana kitabu? Hana picha?"

"Reli ilikuja baada ya gharika. Kinu cha kusaga kilichokuwepo kilishavunjwa. Hana chochote ila maneno ya watu."

Wifi akaninyang'anya sahani yangu tupu akaijaza tena. "Basi," akasema, "wenyeji watajibu."

Kila mtu mtaani aliyevuka miaka thelathini anajua maji yalifika wapi. Yalifika kwenye dari la kinu. Nilikuwa na miaka saba, baba alitupandisha huko, mdogo wangu akiwa amefungwa mgongoni kwa mama, na tuliweza kunawa mikono bila kushuka. Mtaa mzima leo uko chini ya dari lile.

15 Februari

Wamekuja. Bwana Rula na darubini yake ya miguu mitatu, mshika fimbo ya vipimo, na mimi nyuma na karatasi, kwa sababu ni mwenyeji.

Wifi alikuwa ameshapita kila mlango. Sijui aliwaambia nini, ila walikuwa wamefunzwa vizuri kuliko wanafunzi wa siku ya ukaguzi. Seremala alionyesha jiwe kubwa la kufulia kule kando ya mto. Mama mwuza mkaa alionyesha jiwe la kufulia. Mzee mwenye mguu mbovu alitembea hadi kwenye jiwe lenyewe akaligonga kwa fimbo: "Hapa, bwana. Na siku ile tulisema leo mto umevuka mpaka." Alivaa uso wa huzuni, nikauma midomo nisicheke.

Bwana Rula akanigeukia. "Wewe nawe ulizaliwa hapa. Unakumbuka?"

"Nilikuwa mtoto," nikasema. Neno lenyewe ni la kweli.

Mshika fimbo akatia doa la rangi nyeupe juu ya jiwe, wakapima.

Jioni wifi amenipa kipande kikubwa cha nyama kuliko cha mumewe, na mumewe amelalamika, naye akamwambia angekuwa na kazi ya maana angepewa cha maana. Tumecheka hadi jirani akagonga ukuta. Nimefurahi. Sina haja ya kujidanganya humu ndani: nimefurahi sana.

20 Februari

Nimechora mstari wa buluu. Unapita nyuma ya jiwe, unajikunja pamoja na mto, haugusi nyumba hata moja. Ni mstari safi. Wino ulitii tangu mwanzo hadi mwisho.

27 Februari

Upepo na vumbi. Wifi amenishonea gauni la kazini lenye mfuko wa kalamu. Nilipouliza kitambaa kimetoka wapi, akaniambia niache upelelezi.

6 Machi

Mawingu ya kwanza yameonekana nyuma ya machimbo. Wafanyakazi wa tuta wanakimbizana nayo. Tuta linakuja kutoka pande mbili, na katikati limebaki pengo ambapo mto unapita.

Alasiri mhandisi wa tuta aliingia ofisini na matope yake yote. Mtu mcheshi, anapenda kukaa juu ya meza za wenzake. Akaiinamia ramani yangu akafuata mstari wa buluu kwa kidole.

"Kumbe mto wenyewe mpole hivi!" akasema. "Mimi nilikuwa nimetenga kalavati kumi na mbili za kupitishia maji chini ya tuta, mbali na daraja. Kwa mstari huu tatu zinatosha. Na daraja tunalifupisha. Tutamaliza kabla ya mvua."

"Kama mstari uko sawa," Bwana Rula akasema.

"Wewe umeupima au sio wewe?"

Nikainua kalamu, na hapakuwa na treni inayopita.

Kwa muda wote huu sisi tulikuwa tukifikiria mstari kwa habari ya nyumba tu. Hakuna aliyefikiri kwamba mhandisi atautumia kuhesabia matundu. Tuta linakata bonde lote kama ukuta, na Mtaa wa Chini uko upande wa juu wa ukuta huo, mto unakotokea. Mto ukija kama ulivyokuja nikiwa na miaka saba, matundu matatu hayatauweza. Maji yatasimama. Na yatakaposimama, mtaa wetu utakuwa ndani ya karai.

Sikula.

7 Machi

Nimemwambia Bwana Rula. Nilifunga mlango kwanza. Nilitegemea anifokee, pengine unga wangu umwagike hapohapo. Hakufoka. Alivua miwani akaiweka juu ya ramani, pale penye bonde.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba."

"Siwezi kwenda kwa mhandisi na mtoto wa miaka saba. Atanicheka, na atakuwa na haki. Nipatie watu wazima wawili waseme mbele yangu, nitasimamisha kazi leo hiihii." Akafikiri. "Twende kesho. Lakini usitangulie, na usiwafundishe jibu. Usiwaambie kwa nini nauliza. Mtu akishajua unataka nini, anakupa unachotaka, na kipimo kinakuwa hakina maana tena. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi. Naona umeshaona inavyokuwa watu wakifundishwa."

Hilo la mwisho lilinichoma, na nilistahili.

Jioni nimekula na wifi, nimenyamaza. Ameniuliza kama ninaumwa. Nimesema kichwa.

8 Machi

Naandika nikiwa chumba cha nyuma ya stoo ya taa, stesheni. Sanduku langu liko mlangoni.

Tulifika asubuhi. Bwana Rula akawakusanya wote mbele ya karakana ya seremala akawauliza upya, kwa upole kabisa, kama wana uhakika. Alisema amesikia kwamba huenda maji yalipita jiwe.

Wote wakanitazama mimi.

"Nani kasema?" wifi akauliza, na alikuwa anajua.

"Mimi," nikasema. "Yalifika kwenye dari la kinu. Nyote mnajua. Mzee, wewe ulitupitishia kamba. Semeni kweli."

Mzee mwenye mguu mbovu akatazama fimbo yake. Mama mwuza mkaa akajitia hamnazo, akaanza kupangusa mikono ambayo haijawahi kupangusika. Seremala akasema jiwe. Jirani yake akasema jiwe. Ilikuwa kama kuwasikia watu wakihesabu mbegu.

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa ametoka zamu, bado ana mafuta ya wenzo mikononi. "Mama hakukusimulia?" nikamwuliza.

"Dada, mimi nilikuwa mgongoni," akasema. "Sikumbuki kitu." Nayo ni kweli. Familia yetu ina ufundi wa maneno ya kweli.

"Semeni kwa faida yenu," nikasema. "Nawaomba."

"Faida yetu ni nyumba zetu," wifi akasema. Kisha akamtazama Bwana Rula akacheka kidogo, kwa adabu. "Msamehe shangazi wa mwanangu, bwana. Anakaa sana juani na mawazo. Hana mume, hana mtoto, vitu vinamjia."

Watu wakacheka. Wale waliokaa nami juu ya dari lile la kinu, wakacheka.

Bwana Rula akanitazama, nami nikajua anachongoja. Sentensi moja tu ilibaki kusemwa, ile ya tuta na matundu, na ndiyo aliyonikataza. Sikuisema. Akakunja miguu ya darubini akaondoka na mshika fimbo wake.

Nilipofika nyumbani, sanduku langu lilikuwa uani. Wifi alisimama mlangoni amejishika kiuno.

"Mara ya kwanza ulitumwa," akasema. "Hii ya pili umemleta mvunja nyumba mwenyewe, kwa miguu yako. Nimekukosea nini?"

Bwana Rula hakuwepo tena. Hakuna kanuni iliyokuwa imebaki kunizuia, na maneno yalikuwa mdomoni tayari. Lakini majirani walikuwa wameshatoka kutazama, gauni langu jipya lilikuwa juu ya vumbi, na lile la "hana mume, hana mtoto" lilikuwa bado linanichemka kichwani. Nikasema, "Siku mtakayonihitaji, mtanikuta stesheni." Nikabeba sanduku langu mwenyewe.

12 Machi

Chumba kinanuka mafuta ya taa. Mdogo wangu anapita kila siku akienda zamu, ananiletea salamu za wifi ambazo wifi hakuzituma. Yeye si mwongo mzuri, anasahau alichosema jana.

"Njoo umwombe radhi, yaishe," akaniambia leo.

"Nimwombe radhi kwa lipi? Mwambie aje yeye. Nina jambo la kumwambia, na nitamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso."

"Niambie mimi."

"Wewe hukumbuki kitu," nikasema. Akaenda zake.

19 Machi

Tuta limeungana. Treni ya kwanza ya kokoto imevuka bonde ikipiga honi njia nzima. Nimehesabu matundu kutoka dirishani. Ni matatu.

21 Machi

Mvua.

22 Machi

Mvua.

24 Machi

Mvua. Karatasi zimelegea, kalamu inazama. Hatuchori.

30 Machi

Nimebadili maoni kuhusu Bwana Rula. Nilidhani hana moyo, ana vipimo tu. Kila asubuhi anashuka kwenye tuta na mwavuli, anasimama juu ya matundu, anarudi amelowa hadi magotini. Amemwandikia mhandisi mara mbili. Leo amenisomea jibu: wenyeji wameulizwa mara mbili, mara zote wamejibu sawasawa, kazi imekwisha.

"Kwa haki kabisa," akasema, "hata mimi ningejibu hivyo."

Nikamwomba ruhusa niwaambie watu wa mtaa habari ya matundu. Akashangaa. "Bado hujawaambia? Kipimo kimeshapita zamani. Waambie."

Nikasema nitawaambia Jumapili.

3 Aprili

Jumapili ilinyesha mchana kutwa. Sikwenda. Mtu hawezi kwenda kuombwa radhi amelowa kama kuku.

6 Aprili

Mto umepita jiwe la kufulia. Doa jeupe halionekani. Nilimwona wifi kwa mbali, amesimama na beseni la nguo, anatazama mahali jiwe lilipokuwa. Nikangoja ageuke aangalie stesheni. Alipogeuka, aligeukia nyumbani.

9 Aprili

Mdogo wangu amekuja amelowa. Maji yako uani.

"Ondokeni leo," nikamwambia.

"Mbona una haraka? Mke wangu ameshapanga. Mama mwuza mkaa na mzee wanaujua mto huu. Wanasema maji yakifika mlango wa mwuza mkaa, kutoka hapo hadi kinuni ni siku nzima na usiku wake. Ndivyo yalivyokuja zamani, pole pole. Kila mtu atafunga mizigo, watapanda shule."

"Kumbe wanakumbuka."

Akacheka kwa aibu. "Wanakumbuka, dada."

"Safari hii hayatakuja pole pole. Ondokeni."

"Kwa nini?"

Kengele ya treni ikalia. Alikimbia kwenye wenzo wake. Nikaona nitamweleza zamu ikiisha, kila kitu, tuta na matundu, na nitashuka naye mwenyewe kwa wifi, radhi au hapana. Zamu ilipoisha alikuwa ameshapita njia ya mkato kuwahi mizigo.

14 Aprili

Nimeweza kushika kalamu. Naandika yaliyotokea tarehe kumi na moja.

Asubuhi maji yalikuwa kwenye mlango wa mwuza mkaa. Watu hawakuogopa. Niliwaona kutoka dirishani wakitoa magodoro na vyungu bila pupa, wanaitana, mmoja anamcheka mwenzake kwa kubeba mlango. Walikuwa na siku nzima na usiku wake.

Kisha mto ulileta magogo. Yalishuka pamoja na matete na mzoga wa ng'ombe, yakajazana kwenye matundu matatu kama kizibo. Upande wa chini wa tuta watu walisimama wakishangaa mto unapungua. Upande wa juu maji yalipanda. Yalipanda ukitazama. Nilitazama dirisha la seremala, nikamwita Bwana Rula aje aone, na alipofika dirishani dirisha lile halikuwepo.

Njia ya shule ilikatika kwanza, kwa sababu inashuka kidogo kabla ya kupanda. Hilo liko kwenye ramani yangu, mstari mmoja wa kahawia unaojikunja. Mahali pakavu pa karibu palibaki kuwa tuta lenyewe.

Bwana Rula alikimbilia simu ya upepo kuomba ruhusa ya kulikata tuta. Mimi nilikimbilia kwenye njia. Mdogo wangu alikuwa ameshatoa kiberenge, kile cha mafundi wa reli, cha kusukuma kwa mikono. Mkuu wa stesheni alikuwa anapiga kelele kwamba hana idhini. Mdogo wangu aliendelea kukisukuma. Aliniona.

"Ni tuta, eh?" akasema.

"Ni tuta."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. Akaenda.

Watu walikuwa wakipanda tuta kwa magoti na kucha. Alileta wa kwanza, karibu wote watoto. Akarudi. Safari ya pili alikuja na wifi na binti yao, na mama mwuza mkaa aliyekuwa hana khanga. Wifi aliteremka akiwa ameshika mkasi wa kushonea, sijui kwa nini mkasi. Akamshika mumewe mkono.

"Basi," akamwambia. "Basi, baba. Wanatosha."

"Mzee yupo juu ya paa," akasema. "Na seremala. Narudi sasa hivi."

Nilikuwa upande wake wa pili. Ningeweza kumshika mkono mwingine.

Tuta lilipasuka kiberenge kikiwa karibu na tundu la kati. Hakukuwa na kishindo kama watu wanavyodhani. Udongo ulikaa chini, reli zikabaki zinaning'inia hewani pamoja na mataruma, yale magogo yanayozibeba, kisha nazo zikaenda. Bonde lote la juu likamwagika kupitia hapo. Kabla jua halijatua nyumba zilizosalia zilikuwa zimesimama kwenye matope, na maji yamerudi karibu na mto.

Jibu la simu lilikuja baadaye. Liliuliza kiasi cha udongo.

Tulimpata mdogo wangu jana, chini sana, kwenye mashamba. Wa mtaa waliokufa ni tisa. Mzee yumo. Seremala alishikilia mti, yu hai.

20 Aprili

Tumezika. Mvua ilitupa nafasi ya asubuhi moja.

Binti amepelekwa kwa mama yake wifi. Wifi yuko nami chumbani, nyuma ya stoo ya taa. Cherehani ilikwenda na maji. Hasemi. Nikimwuliza kama atakula, anakula. Nikimwuliza kama amelala, anafumba macho.

28 Aprili

Mhandisi amekuja kuandika taarifa. Hakukaa juu ya meza. Taarifa inasema matundu yalikuwa sahihi kwa mujibu wa ramani.

Alipoondoka Bwana Rula alisimama nyuma yangu kama zamani. "Mimi ndiye niliyekukataza kuwafundisha," akasema. Nikangoja amalizie. "Nimejaribu kufikiri kama ningekukataza tena. Sijui." Akatoa kitambaa akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu, akatoka.

5 Mei

Mvua chache. Nimempa wifi gauni langu la kazini, lile la mfuko, kwa kuwa hana nguo. Limembana mabegani. Amelivaa.

12 Mei

Wifi amesema leo.

Ilikuwa jioni, nimerudi ofisini. Alikuwa amekaa kitandani, anashona kishikizo cha gauni kwa sindano ya kuazima. Bila kuinua uso akaniuliza, "Siku ile ulipomleta yule Rula mara ya pili. Ulikuwa unajua tuta litazuia maji?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi sikujua. Nilifikiri mnataka nyumba."

"Maji yanafika wapi sote tulijua, wifi."

"Maji tuliyajua," akasema. "Tuliyajua kuliko nyinyi. Ndiyo maana tukangoja mlango wa mwuza mkaa. Tuta ulilijua wewe."

Nikamweleza. Nikamweleza kanuni, kwamba mtu hafundishwi jibu, kwamba nilikatazwa kutaja sababu. Nilieleza vizuri na kwa urefu, kama mtu aliyekuwa na mwezi mzima wa kupanga maneno. Alinisikiliza hadi mwisho, uzi ukiwa mdomoni.

"Na alipoondoka?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo aliyekukataza. Alipoondoka, tukabaki mimi na wewe uani. Mbona hukuniambia? Ungenitukana, lakini ungeniambia."

"Ulikuwa umenitupia sanduku," nikasema.

Nilijisikia nikilisema. Na yeye alilisikia.

"Ndiyo," akasema. "Nilikutupia sanduku."

Alikata uzi kwa meno, akalikunja gauni, akalala ameelekea ukutani. Baadaye kidogo akajisogeza akaniachia nafasi, kwa sababu chumba hiki kina kitanda kimoja.